Kisima kifupi, kisima kirefu, mfereji au paa: unywe maji yapi Nairobi?

Wifi yangu alipokuwa akihama, alibakiwa na nyumba mbili za kuchagua. Moja iko Utawala, ghorofa mpya, kisima kirefu cha mashine kiko pale pale kwenye ploti na maji hayakatiki. Ya pili iko Kawangware, kodi nafuu, karibu na kazi yake, na uani pana kisima cha kuchimbwa kwa mkono ambacho wapangaji wote huteka. Ana mtoto wa miezi saba anayekunywa maziwa ya kopo. Jumamosi moja akaja kwangu na chupa mbili, akazipanga mezani, akaniuliza: "Wifi, hebu niambie, yapi nimkorogee mtoto?"

Aliniuliza mimi kwa sababu kazi yangu ni kupima maji. Chupa zote mbili zilikuwa angavu. Hata ukiziinua dirishani huwezi kuzitofautisha. Akaonja. Maji ya Kawangware yalikuwa na ladha njema, akayasifu. Ya Utawala akasema yanateleza ulimini kama yametiwa kitu. Kwa ulimi wake, Kawangware ilikuwa imeshashinda.

Majibu ya maabara yalipotoka, maji yote mawili yalikuwa yameanguka, kila moja kwa kosa lake. Ya Utawala yalikuwa na floridi, ambayo ikizidi huharibu meno, zaidi ya mara mbili ya kikomo, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Ya Kawangware yalikuwa na floridi kidogo sana, lakini nitrati ilikuwa imevuka kikomo cha miligramu 50, na vimelea vya kinyesi vilikuwemo. Floridi ile iliwekwa na jiwe. Nitrati ile tuliiweka sisi wenyewe. Ningependa mtu aushike mgawanyiko huo kabla ya kuchagua nyumba, ploti au muuza maji, kwa sababu kila kosa lina dawa yake, na mara nyingi dawa ya moja haigusi la pili.

Kisima kirefu: kazi ya jiwe

Ukitaka kuuona mwamba unaotia ladha maji ya Nairobi, tazama ukuta wa nyumba. Mawe ya Ndarugo yanayokatwa kwa mashine kule Juja, na yale ya kijivu yaliyojengea majumba ya zamani ya mjini, ni tufu: majivu ya volkeno yaliyoanguka, yakalala, yakagandamana hadi yakawa jiwe. Chini ya jiji tabaka za aina hiyo zimepishana na tabaka za lava. Upande wa Karen na Dagoretti juu kuna trakiti, aina ya lava. Kuna tufu zilizopewa jina la mto Kirichwa. Kuna fonolaiti, jiwe gumu jeusi tunalolijua zaidi likishapondwa kuwa kokoto. Kisha chini yake zipo tabaka nene za tufu na mashapo ya ziwa la kale, ziitwazo tabaka za Athi. Hizo ndizo ghala kuu la maji ya chini ya jiji, na mashine za kuchimba hushuka mita 200, 300 na zaidi kuzifikia.

Maji yaliyomo humo mengi hayakunyesha Utawala. Yalinyesha magharibi, kwenye miinuko iliyo ukingoni mwa Bonde la Ufa, yakazama, yakaanza kusogea polepole kuelekea mashariki. Njiani yalipita udongoni na kuchukua hewa ya kabonidayoksaidi inayotolewa na mizizi na vijidudu, yakawa asidi dhaifu. Asidi hiyo ndiyo inayoula mwamba. Majivu ya volkeno yana kioo ndani yake, yaani lava iliyopoa haraka mno isiwahi kufanya fuwele, na kioo hicho huyeyuka kwa urahisi kuliko fuwele zilizokomaa. Kinachotoka ni sodiamu kwa wingi, baikaboneti, silika, na floridi iliyokuwa imefungiwa humo tangu siku volkeno ilipolipuka.

Hapa nitakawia kidogo, maana ndipo penye kiini. Floridi ina mshikaji wake, kalsiamu. Zikikutana za kutosha hushikana, zikawa fuwele na kutua chini. Kwa hiyo maji yenye kalsiamu nyingi hayawezi kubeba floridi nyingi. Miamba ya Nairobi hutoa kalsiamu kidogo, na hata hiyo kidogo haifiki mbali: udongo wa mfinyanzi uliomo kwenye mashapo huinasa na kuachia sodiamu mahali pake. Maji yanabaki laini, yamejaa sodiamu na baikaboneti, asidi imeisha (pH imepanda), na floridi haina tena wa kuizuia. Kadiri yanavyokaa na jiwe ndivyo inavyoongezeka.

Ukitaka kuiona safari hiyo ikifika mwisho, nenda Ziwa Magadi. Maji ya sodiamu na baikaboneti yakikusanyika ziwani yasipate pa kutokea, jua likayakausha, huacha magadi. Maji ya kisima kirefu cha Nairobi ni ndugu wa mbali wa yale. Ndiyo maana huteleza mkononi, ukioga unahisi sabuni haitoki. Ndiyo maana githeri huiva upesi kwayo: jiwe limekwisha kukufanyia kazi ambayo ungeifanya kwa kijiko cha magadi. Chai nayo hutoka nyeusi kuliko kawaida. (Mwenye maji ya namna hii asiongeze magadi sufuriani. Magadi yenyewe mara nyingi huwa na floridi, na majani ya chai nayo huchangia.)

Tatizo hili si la ploti moja. Uchunguzi wa nchi nzima uliochapishwa mwaka 1984, wenye sampuli zaidi ya 1,000 za maji ya ardhini, ulikuta asilimia 61 zimezidi miligramu 1 ya floridi kwa lita, na karibu asilimia 20 zimezidi 5. Viwango vya juu kabisa vilitoka maeneo ya volkeno, Nairobi ikiwemo pamoja na Bonde la Ufa na Mkoa wa Kati wa wakati huo.

Floridi kidogo huimarisha meno. Ikizidi, huyaharibu yakiwa bado hayajaota. Meno ya ukubwani hujengwa ndani ya ufizi tangu mtoto anapozaliwa hadi miaka minane hivi, na floridi ya ziada ya miaka hiyo huacha madoa meupe, kisha ya kahawia, yasiyotoka kwa mswaki wala dawa. Viwango vikiwa vya juu zaidi na miaka ikiwa mingi, hata mifupa na viungo hukakamaa. Nimekutana na wasichana wanaocheka huku wamefunika mdomo kwa kiganja, na kila ninapomwona mmoja huwa namuuliza alikolelewa. Jibu huwa ni mahali pa visima virefu.

Na ingawa floridi ni kazi ya jiwe, mkono wetu haukosekani. Tangu miaka ya 1950 maji ya chini ya jiji yameshuka makumi ya mita sehemu nyingi kwa kuvutwa kuliko yanavyorudi. Kisima kikikauka, mwenyewe huchimba kingine kirefu zaidi, akafikia maji yaliyokaa na jiwe muda mrefu zaidi. Kisima kisichozibwa vizuri kwa saruji sehemu ya juu nacho hugeuka mfereji wa kushushia uchafu wa juu hadi chini, na hapo unakuwa na makosa yote mawili katika ndoo moja.

Kisima kifupi: kazi yetu

Maji ya kisima kifupi ni mvua ya juzi. Yameshuka mita chache tu, hayakupata muda wa kuchota kitu cha maana kwenye mwamba, kwa hiyo floridi yake huwa ndogo na ladha yake nyepesi. Kila kitu kinategemea yalipita wapi.

Nilikwenda Kawangware kukiona kile kisima. Mdomo wake umezungushiwa saruji iliyopasuka upande mmoja, kifuniko ni kipande cha mabati kilichowekewa jiwe juu. Kamba imelala chini, kando ya beseni la kufulia, na povu lilikuwa likirudi taratibu kuelekea kwenye ule ufa. Nikapima kwa hatua kutoka kisimani hadi choo cha shimo cha jirani, ng'ambo ya ukuta, upande wa mwinuko. Hatua kumi na nne. Mwenye nyumba, mzee mpole aliyenikaribisha kwa chai, akaniambia: "Mwanangu, maji haya tumeyanywa miaka ishirini." Nikamjibu, "Kweli mzee, nami sikatai. Ila aliyeyanywa miaka ishirini ni wewe, na huyu ana miezi saba."

Kemia yake ni hii. Mkojo na kinyesi vina naitrojeni. Ndani ya shimo inakuwa amonia, na ikifika kwenye udongo wenye hewa, bakteria huigeuza nitrati. Nitrati haishikwi na udongo. Inatembea na maji kama abiria asiyeshuka. Chumvi tunayokula nayo hutoka kwenye mkojo, ikawa kloridi. Kwa hiyo ninapoona nitrati na kloridi zimepanda pamoja kwenye kisima cha mjini, huwa sihitaji kuambiwa choo kiko karibu. Miamba ya Nairobi haina nitrati ya kutaja. Ikiwepo kwa wingi, ujue imetoka kwa mtu, kwa mifugo au kwa mbolea.

Kwa mtoto mchanga nitrati nyingi ni hatari ya haraka. Mwilini hugeuka nitriti na kuzuia damu kubeba oksijeni. Midomo na kucha za mtoto huanza kugeuka rangi ya samawati. Wanaopata haya zaidi ni watoto wa chini ya miezi sita wanaokorogewa maziwa kwa maji ya kisima, hasa wakiwa pia wanaharisha. Mtoto wa wifi alikuwa ameuvuka umri huo kwa mwezi mmoja tu, na maji yenyewe yalikuwa na vimelea vya kuharisha. Sikuona faraja yoyote hapo.

Watu hudhani haya ni ya mitaa ya mabanda peke yake. Sehemu kubwa ya Karen haina bomba la maji taka. Kila boma lina tangi lake la septiki na shimo la kunyonya. Kisima kifupi kando ya nyasi zilizokatwa vizuri kinaweza kuwa na nitrati kama kile cha Kawangware. Mashamba yaliyo mwinuko wa juu, kahawa na mboga za Kiambu, nayo huleta yao kupitia mbolea. Gereji zinazomwaga oili chini na mahali petroli inapovuja huleta mambo mengine ambayo kipimo cha kawaida hakiyaoni kabisa. Kisima kilicho jirani na hayo mimi simshauri mtu akinywe hata kwa kuchemsha.

Mahali pengine udongo umejaa uchafu kiasi kwamba hewa imeisha. Hapo nitrati hutoweka kwa kugeuzwa gesi, na majibu yakaonekana mazuri, kumbe chuma na manganizi zimeanza kuyeyuka. Maji yanatoka angavu, yanakaa ndooni usiku, asubuhi yana utando wa kahawia na nguo nyeupe zinaharibika.

Ukiyaweka ubavu kwa ubavu

Sabuni kwanza, kwa kuwa haina gharama. Maji ya kisima kirefu cha Nairobi hutoa povu jingi kwa sabuni kidogo. Watu huyasifu kwa hilo, nami kila nikisikia sifa hiyo huwa nashtuka, kwa sababu maji laini ya chini ya ardhi katika nchi ya volkeno ni maji yasiyo na kalsiamu, na yasiyo na kalsiamu ndiyo yanayobeba floridi. Povu si kipimo, ila linatosha kukufanya upeleke chupa maabara. Kwa kisima kifupi sabuni haikwambii lolote la maana.

Ladha haikusaidii upande wowote. Floridi haina ladha kwa viwango tunavyokutana navyo, nitrati pia haina. Wifi alichoonja ni sodiamu na baikaboneti.

Kale kakalamu ka kupimia maji kanakouzwa mjini, kanakoonyesha namba ya chumvichumvi zote zilizoyeyuka, nako kamewapoteza wengi. Kanapima jumla tu. Shirika la Afya Duniani linasema maji yenye jumla ya chini ya miligramu 600 kwa lita kwa kawaida ni mazuri kwa ladha, na yakizidi 1,000 yanazidi kuchukiza. Hiyo ni ladha. Maji yenye jumla ya 350 yanaweza kuwa na floridi 4, na kalamu itakupa namba inayopendeza. Muuza ploti akikuonyesha namba hiyo kama ushahidi kwamba maji ni salama, mshukuru, kisha uombe karatasi ya maabara.

Mabadiliko ya majira ndiyo tofauti kubwa zaidi, na ndiyo iliyoniamulia mimi. Kisima kirefu hubadilika polepole. Ukikipima leo na ukapima mwaka ujao, floridi itakuwa karibu pale pale, isipokuwa mtu ameshusha pampu au amekiongeza kina. Kisima kifupi ni kigeugeu. Mvua za kwanza za masika huosha yote yaliyolimbikizwa udongoni wakati wa kiangazi na kuyashusha kisimani. Kipimo safi cha Februari hakikuhakikishii Aprili.

Halafu dawa. Kuchemsha huua vimelea, basi. Hakuondoi floridi wala nitrati. Mvuke unapotoka, vyote viwili hubaki sufuriani katika maji machache zaidi. Klorini ni vivyo hivyo, huua vimelea na kuacha kemia kama ilivyo. Mashine ya kulainisha maji kwa chumvi haina kazi hapa, maana maji yetu tayari ni laini. Chujio la makaa ya kawaida huboresha harufu tu. Yanayoondoa floridi ni makaa ya mifupa, ambayo kule Nakuru yametumika kwa miaka mingi, ama shabu ikichanganywa na chokaa kwa vipimo sahihi, ama mashine ya utando inayosukuma maji kwa mgandamizo. Hiyo ya utando huondoa na nitrati pia, lakini ni ghali, inataka umeme, na humwaga sehemu ya maji.

Na matumizi mengine ya nyumbani? Maji ya kisima kirefu, hata yenye floridi, unaoga, unafua, unapigia deki, unaoshea vyombo bila wasiwasi. Floridi hudhuru ikinywewa au ikipikiwa siku baada ya siku. Maji yenye vimelea hayakupi nafasi hiyo: kikombe kilichooshwa kwayo kinatosha kumharisha mtoto.

Ploti ikiwa nje ya jiji

Ukivuka Mto Athi kuelekea Machakos unaacha volkeno nyuma. Lukenya na vilima vya Mua ni miamba ya kale mno, naisi na jamaa zake, na maji hukaa kwenye nyufa tu, hivyo kisima kimoja kinaweza kuwa na maji tele na cha jirani kikatoka vumbi. Maji yake mara nyingi huwa magumu, yana kalsiamu na magnesiamu, na penginepo yana chumvi unayoionja. Sabuni huganda, birika hufanya ukoko mweupe, maharagwe hayaivi. Kero zote hizo ni za jikoni, na kalsiamu ile ile inayokukera ndiyo inayobana floridi. Bado pima, kwa sababu naisi nazo zina sehemu zake zenye floridi. Kajiado, penye marumaru, ugumu wa maji huzidi.

Mwenye kurudi Mombasa kustaafu atakutana na jiwe jingine kabisa. Pwani ni matumbawe, yaani chokaa tupu, kwa hiyo kalsiamu haikosi na floridi si habari kubwa. Habari ya huko ni matundu: matumbawe hupitisha maji kama chujio lililotoboka, maji ya choo hufika kisimani upesi, na ukivuta kupita kiasi bahari hupanda kutoka chini. Chumvi ikishaingia kisimani huchukua muda mrefu kutoka.

Mfereji, lori na paa

Maji ya mfereji ya Nairobi mengi hutoka bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, chini ya milima ya Nyandarua. Milima hiyo nayo ni volkeno, jambo linalowashangaza watu nikiwaeleza, kwa kuwa floridi ya mfereji ni ndogo sana. Tofauti ni muda. Maji ya mto hupita juu ya jiwe kwa siku kadhaa, yale ya chini hukaa nalo vizazi. Kwa kemia, hakuna maji ya jijini yanayoyafikia ya mfereji, na kama nyumba yako inayapata, acha kutafuta. Shida yake ni mgao. Bomba likikaa tupu, maji machafu ya nje hupenyeza kwenye viungo vilivyolegea, na yanapofunguliwa tena huja nayo. Mwaga ndoo ya kwanza, chemsha ya kunywa.

Maji ya lori na ya mitungi siwezi kuyalinganisha na chochote, kwa sababu hayana asili moja. Lori lile lile huja leo na maji ya mfereji, kesho ya kisima. Muulize dereva alikojazia, kila safari.

Paa ndilo watu wanalolisahau. Nairobi hupata mvua ya karibu milimita 1,000 kwa mwaka, masika na vuli. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mabati la mita 50 za mraba, ukiondoa sehemu inayopotea, litakupa lita 40,000 hivi. Familia ya watu watano ikitumia lita 25 kwa siku kwa kunywa na kupikia tu inahitaji kama lita 9,100 kwa mwaka mzima, na kutoka Juni hadi Septemba, miezi minne ya ukavu, ni lita 3,050. Tangi la lita 5,000 linavusha kiangazi hicho na kubakiza. Maji ya mvua hayajagusa jiwe, kwa hiyo hayana floridi wala nitrati ya maana. Yana vumbi na kinyesi cha ndege: mvua ya kwanza iachie ioshe paa, weka wavu kwenye mdomo wa tangi, chemsha. Kama hayatoshi, yachanganye. Nusu ya kisima chenye floridi 3 na nusu ya mvua inakupa 1.5, kikomo kamili. Kwa mtoto mdogo usichanganye, mpe ya mvua au ya mfereji yakiwa yamechemshwa.

Kabla ya kulipa kodi

Omba maabara ikupimie floridi, nitrati, kloridi, pH, kalsiamu, sodiamu, chuma, manganizi na vimelea vya kinyesi. Kwa kemia tumia chupa safi ya plastiki, isuuze mara tatu kwa maji yale yale. Kwa vimelea chukua chupa iliyotakaswa ya maabara yenyewe, usiisuuze, iweke kwenye baridi, uifikishe siku hiyo hiyo. Kisima cha mashine kifungulie maji yatiririke dakika kumi kabla ya kuchota, la sivyo utapima maji yaliyolala kwenye bomba au tangini.

Ukipokea karatasi, angalia sana mstari wa nitrati. Maabara nyingine huandika nitrati yenyewe, nyingine huandika naitrojeni iliyomo ndani yake. Naitrojeni 11 ni sawa na nitrati 50. Nimeshaona mtu akifurahia "15" akidhani yuko mbali na kikomo, kumbe ilikuwa naitrojeni na alikuwa ameshakivuka.

Kama ndiye unayechimba, kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji huja kwanza, na kwenye mkataba na mchimbaji andika kwamba sehemu ya juu izibwe kwa saruji na maji yapimwe floridi kabla ya malipo ya mwisho. Hapo unatumia mamilioni. Kipimo ni sehemu ndogo mno ya gharama hiyo.

Wifi alichukua Utawala. Nilimshauri hivyo kwa sababu kosa la kisima kile linajulikana, halibadiliki wiki kwa wiki, na linazuilika kwa kutokunywa, ilhali la Kawangware lingemvizia kila mvua. Alijadiliana na mwenye nyumba, akakubali kufunga mfereji wa paa upande wa nyuma na tangi la lita 5,000, gharama wakagawana. Jikoni ana mitungi miwili ya lita ishirini: wenye kifuniko cha samawati ni wa mvua, wa kunywa na kupikia, na mwekundu ni wa kisima. Msichana anayemsaidia kazi alifundishwa siku ya kwanza kwamba maziwa ya mtoto hayagusi maji ya mwekundu. Vuli ikianza nitarudi kuchukua sampuli ya tangi, maana paa lile liko chini ya mti wa jakaranda na ndege wa pale ni wengi.